Je, wajua kwa nini iodini ya nyuklia hunaswa kwa madini ya fedha?

Pakiti ya chumvi inayouzwa katika maduka ya Mwanza huandikwa kwamba ina madini joto, na madini joto hayo ni iodini. Ziwa Victoria ni la maji baridi, na sato, sangara na dagaa wake hawana iodini nyingi kama samaki wa baharini, hivyo mkazi wa kanda hii asiyetumia chumvi hiyo huweza kuota rovu. Tezi iliyo mbele ya koo huikusanya iodini kutoka kwenye damu, wala haina namna ya kutofautisha iodini ya chumvi na iodini yenye mionzi, na ndiyo maana mitambo inayochakata upya mafuta ya nyuklia, yaani urani iliyokwisha kutumika kinuni, hulazimika kuinasa iodini kabla haijatoka kwenye bomba la moshi.

Iodini hiyo huzaliwa atomi za urani zinapopasuka ndani ya kinu cha nyuklia. Iko ya aina mbili zinazotuhusu: iodini-131, ambayo nusu yake huisha kila baada ya siku 8, na iodini-129, ambayo huchukua miaka milioni 15.7 kupungua nusu. Ya kwanza humalizwa na subira, kwa kuwa mafuta yaliyotumika hulazwa majini kwa miaka kabla ya kuchakatwa. Mwezi Desemba 1949 katika kituo cha nyuklia cha Hanford, Marekani, subira hiyo ilivunjwa kwa makusudi: mafuta yaliyopoa siku 16 hivi tu yaliyeyushwa bila kuchuja gesi zake, na iodini-131 ikasambaa juu ya mashamba na makazi ya watu. Naliona tendo hilo kuwa dhuluma, kwa sababu watu hao hawakuambiwa.

Iodini-129 haisubiriki. Vipande vya mafuta vinapoyeyushwa katika asidi ya naitriki ya moto, iodini hupanda ikiwa gesi, imechanganyika na gesi za oksaidi za naitrojeni, na hapo ndipo fedha inapohitajika. Sababu yake yaweza kuonekana katika maabara ya shule yoyote ya sekondari: mwanafunzi akidondoshea naitreti ya fedha katika maji angavu yenye iodaidi ya potasi, papo hapo maji hayo huchafuka na kutuamisha mashapo ya manjano, ambayo hata akiongeza amonia hayayeyuki. Mashapo hayo ni iodaidi ya fedha, yaani iodini iliyoshikamana na fedha. Mtamboni, fedha hupachikwa ndani ya punje za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno na yanayostahimili asidi, kisha gesi hupitishwa humo katika joto la nyuzi 150 hivi; iodini hushikwa na gesi nyingine huendelea na safari.

Kazi hii ina ugumu wake. Oksaidi za naitrojeni huichosha fedha kadiri muda unavyokwenda, na iodini iliyojiunga na kaboni, kama iodaidi ya methili, hukamatika kwa shida zaidi. Isitoshe, gramu 1 ya fedha haiwezi kubeba zaidi ya gramu 1.18 za iodini, hata kila punje ikitumika yote, na fedha ni madini ya thamani.

Njia nyingine ni kuiosha gesi kwa kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Hivyo ndivyo ifanyikavyo katika mtambo wa La Hague, Ufaransa, ambako iodini iliyooshwa huishia baharini, na wanasayansi wameifuatilia ndani ya maji hadi Aktiki. Bahari ina iodini yake ya asili, nayo huizimua ile yenye mionzi. Kando ya ziwa letu hakuna mtambo wa aina hiyo, lakini ungekuwapo, njia hiyo isingefaa hata kidogo: maji haya hayana iodini ya kutosha kuizimua ile ya mtamboni, na tezi yenye njaa ya madini joto hunyakua sehemu kubwa zaidi ya iodini yoyote inayoifikia.