Alama ya 5G kwenye simu si uthibitisho wa mtandao kamili wa 5G

Wengi wakiona "5G" juu ya kioo huamini kila kitu, kuanzia mnara hadi mitambo ya ndani, ni cha kizazi cha tano. Si lazima. Viwango vya 3GPP (muungano unaoweka viwango vya mitandao ya simu), Toleo la 15, vinaruhusu njia mbili. Ya kwanza, iliyokamilishwa Desemba 2017, huegemea 4G: simu hujisajili kwenye mnara na kiini (mitambo ya ndani inayoendesha mtandao) cha 4G, kisha redio ya 5G huongezwa kubeba data. Ya pili, ya Juni 2018, ina kiini chake cha 5G.

Alama yenyewe ina ujanja. Mnara wa 4G hutangaza biti moja, yaani ishara ndogo, kwamba 5G ipo hapa. Baadhi ya simu zikiisoma huandika 5G hata zikiwa zimetulia kwenye 4G. Katika njia ya kwanza, inayoegemea 4G, maongezi hupita VoLTE (sauti inayobebwa na 4G), na ukipoteza mawimbi ya 4G, 5G nayo hukatika. Kuongeza antena hakubadilishi hilo.

Kwenye Android kadhaa, piga *#*#4636#*#*. Aina ya mtandao wa data ikisomeka LTE (4G) badala ya NR (5G), bado unahudumiwa na kiini cha 4G.