Kabla ya siku thelathini kuisha

Kila Juni 5 inapokaribia, Siku ya Mazingira Duniani, vijana wa Kisumu hunitumia ujumbe wakitaka kujua zoezi la usafi litafanyika wapi. Huwaelekeza Dunga au Usoma, kisha nawauliza jambo ambalo wengi hawakulitarajia: mara ya mwisho mlisoma lini tangazo la NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira?

Nauliza hivyo kwa sababu ya kazi yangu. Mimi huandaa ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, zile ambazo mwekezaji lazima awe nazo kabla ya kujenga kiwanda, hoteli au kituo cha mafuta. Najua mwananchi anapewa nafasi wapi, na najua jinsi nafasi hiyo inavyopita watu wakiwa hawana habari.

Sidharau kuokota taka. Ila chupa mnazookota Jumamosi zimeletwa na mito kama Kisat na Auji, na mvua ikinyesha zitateremka nyingine. Gugumaji nalo ni vivyo hivyo. Tangu liingie Ziwa Victoria miaka ya mwisho ya 1980 limeng'olewa kwa mikono na kwa mashine, na hurudi, kwa kuwa linalishwa na naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye maji taka na mbolea inayosombwa mashambani. Nani ataruhusiwa kumwaga nini mtoni ni uamuzi unaofanyika kwenye makaratasi, mara nyingi miezi mingi kabla trekta la kwanza halijafika.

Chini ya sheria ya mazingira ya 1999, NEMA ikipokea ripoti ya mradi mkubwa hutangaza magazetini na kuomba maoni ya wananchi, kwa kawaida ndani ya siku 30. Nenda ofisi yao ya kaunti uombe kuisoma. Ina kurasa mia kadhaa, lakini usiogope, nyingi ni maelezo ya jumla ambayo sisi wataalamu hunakiliana (ndiyo, nimesema). Anzia mwisho, kwenye viambatisho, panapokuwa na orodha ya waliohudhuria mkutano wa wananchi na sahihi zao. Ukikuta wavuvi wa ufuo wenu hawamo, au sahihi kumi zina mwandiko mmoja, tayari una hoja. Halafu soma mpango wa usimamizi wa mazingira uone nani atafanya nini, kwa bajeti gani.

Barua yenyewe iwe fupi. Taja jina la mradi, mahali unapoishi au kufanyia kazi, na mambo yanayoweza kukaguliwa: bomba la maji machafu litatokea wapi, ni mita ngapi kutoka mahali samaki aina ya ngege hutagia, akina mama wanaoanika omena (dagaa) watapita wapi ukuta ukijengwa. "Hatuutaki mradi huu" peke yake haimsaidii afisa wala hakimu. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi. Na usiondoke bila nakala iliyopigwa muhuri.

Muhuri huo una kazi. Leseni ikitolewa licha ya maoni yenu, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira. Huko ndiko wakazi wa Lamu walikopeleka kesi ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050. Juni 2019 leseni ilifutwa, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanyika wakati ripoti yenyewe haijawafikia. Kifungu cha 70 cha Katiba nacho kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Kampeni za dunia je? Wengi wanadhani ni mambo ya ndege na viza, ilhali makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yako Gigiri, hapa Nairobi. Hapo ndipo nchi zilipokubaliana, Machi 2022, kuanza kujadili mkataba wa kudhibiti plastiki. Mazungumzo yamepitia Nairobi, Busan na Geneva, na Agosti 2025 yaliahirishwa bila maafikiano. Mvutano mkubwa ni kama plastiki ipunguzwe tangu inapotengenezwa, au tushughulike na taka tu.

Hapa ndipo lile zoezi la usafi linapopata uzito. Badala ya kujaza magunia na kupiga picha, pangeni chupa na vifuniko kwa jina la kampuni, mhesabu, mwandike tarehe na ufuo. Sheria ya taka ya 2022 inamtaka mtengenezaji awajibikie bidhaa yake hata baada ya kutupwa, na hesabu inayorudiwa kila mwezi ufuo uleule ni ushahidi. Kwenye vikao vya kimataifa waangalizi huingia kupitia mashirika yaliyoidhinishwa, kwa hiyo sajilini kikundi, mjiunge na mtandao wenye idhini na mpeleke jedwali lenu huko. Nakala moja ipelekeni kwa kamati ya mazingira ya bunge la kaunti, kabla hawajapitisha bajeti ya Juni.