Kaliba: kwa nini bunduki ya simba si lazima iwe ya nyati

Mwindaji akikuambia "hii ni .375", amekutajia upana tu. Kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu wa bunduki, yaani unene wa risasi inayopita humo. Waingereza na Wamarekani hukipima kwa inchi, ndiyo maana namba zao huanza na nukta; .375 ni kama milimita 9.5. Namba hiyo haisemi risasi ina uzito gani, inakwenda kasi gani, wala itafanya nini ikishaingia mwilini. Na hilo la mwisho ndilo lenye uzito kwa paka wakubwa.

Dume la nyati huweza kuzidi kilo 700, ngozi nene, mifupa mizito. Risasi yake lazima izame bila kubomoka, kwa hiyo wengi hutumia risasi ngumu isiyobadilika umbo. Simba dume ana kilo 150 hadi 225 hivi, na chui wengi hawafiki 70. Ngozi yao ni nyembamba. Mpige chui kwa risasi ngumu, itaingia ubavu huu na kutokea ule ikiwa bado na nguvu zake karibu zote, nyuma imeacha kitundu. Sasa una chui mwenye jeraha, kichakani, jioni. Paka hutakiwa risasi ya ncha laini, ile inayochanua kama uyoga inapogusa nyama na kumalizia nguvu zake humo humo.

Ndiyo siri ya .375 iliyotolewa na Holland & Holland, kampuni ya bunduki ya London, mwaka 1912: bunduki ni moja, unabadilisha risasi tu kulingana na mnyama. Risasi yake ya kawaida ina gramu 19 na ushei, na nchi kadhaa za Afrika zimeifanya kaliba ya chini kabisa kisheria kwa wanyama hatari. Teke lake begani linavumilika, jambo ambalo wanunuzi hulipuuza. Anayeliogopa teke hufumba macho kabla hajafyatua, na hapo hata .458, kaliba kubwa zaidi, haimsaidii.

Chui aliyetulia juu ya chambo hufa vizuri kwa .30-06, kaliba ndogo zaidi, pale sheria inaporuhusu. Akishajeruhiwa, hesabu hubadilika, maana huja kutoka hatua chache: wengine hushika shotigani yenye marisawa makubwa, wengine hawaiamini kabisa. Simba naye anaposhambulia hukaribia kilomita 80 kwa saa, zaidi ya mita 20 kila sekunde. Muda wa kukoki tena unaweza usiwepo. Ndiyo sababu ya bunduki ya mitutu miwili, yenye risasi ya pili tayari.

Lakini hata hiyo huhitaji mkono ulioizoea. Mwaka 1898 huko Tsavo, Kenya, mhandisi wa reli J. H. Patterson alimvizia simba mla watu akiwa na bunduki nzito ya kuazima, akiiona ina nguvu kuliko yake. Alipofyatua, ikalia "tek" tu. Alibabaika hata akausahau mtutu wa pili, akaukumbuka simba alipokwisha kuruka pembeni.