Imamu muuza pipi wa Cape Town

Kwenye darsa zetu za historia kuna swali haliishi, eti sheikh anaingiaje mambo ya haki za watu, si asalishe tu arudi nyumbani. Mi huwa nawarudisha kwenye Suratul-Maun, ile kila mtoto wa madrasa anaijua, aya 7 tu, anayekadhibisha dini anaelezwa ni yule anayemsukuma yatima na hahimizi kulisha maskini, halafu ndo inafuata ole wao wanaosali. Sala na haki ya mnyonge vimekaa sura moja, sasa nani katupa ruhusa ya kuvitenganisha?

Mwangalieni Imamu Abdullah Haron. Mwaka 1955 alikua imamu wa msikiti wa Stegman Road, Claremont, enzi za makaburu. Mkate wake ulikua kuuza pipi na chokoleti za kampuni, na kazi hiyo ndo ilimfungulia njia ya kuingia Langa, Nyanga na Gugulethu, mitaa waliyotengewa Waafrika, maana huko huingii bila kibali. Akiwa na mapipi yake anapita nyumba za watu ambao baba yuko jela kwa siasa, anaacha hela za kujikimu, haulizi huyu Mkristo au Muislamu, na wenyewe wakawa wanamwita mfundisi, jina wanalomwita mchungaji wao. Hela nyingine zilitoka kwa Canon John Collins, kasisi wa London, yaani imamu na padri kazi moja.

Tarehe 28 Mei 1969, siku ya Maulidi, polisi wakamchukua kwa sheria ya ugaidi iliyoruhusu kumweka mtu ndani bila kesi. Siku 123. Tarehe 27 Septemba akafia mahabusu, polisi wakasema kaanguka ngazi, na mwaka 1970 hakimu akaona hakuna wa kulaumiwa. Maelfu walimzika, lakini alipokua ndani masheikh wengi wa mji uleule walinyamaza, na hili mi linaniuma mpaka leo, coz dua walikua wanajua kuziomba vizuri tu.

Familia yake haikukubali. Iliendelea kudai, mkewe Bi Galiema akafariki 2019 kabla ya majibu, watoto wakaendelea, na Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya Western Cape ikaufuta ule uamuzi wa 1970 ikasema wazi kua imamu aliuawa kwa mateso ya polisi.