Je, wajua kwa nini kompyuta ya ofisini hukataa kufunguka ukiwa nyumbani?

Mhasibu anayeishi Kasarani, Nairobi, anataka kuingia kwenye kompyuta yake iliyobaki ofisini Upper Hill. Jana alitumia Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuendesha kompyuta ukiwa kwenye nyingine, kutoka meza ya mwenzake, ikakubali mara moja. Leo, akiwa nyumbani, inazungukazunguka kisha inamwambia haiwezi kuunganisha. Wengi wetu hapo hulaumu kasi ya mtandao. Lakini video zinacheza bila kukwama, kwa hiyo kasi haina kosa.

Kosa liko kwenye anwani, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Ofisini aliandika, tuseme, 192.168.1.20. Tangu 1996, namba zinazoanza na 192.168, zinazoanza na 10, na zile za 172.16 hadi 172.31 zimetengewa mitandao ya ndani tu. Kila nyumba na kila ofisi inaruhusiwa kuzitumia, na hazisafiri kwenye intaneti. Ruta ya mhasibu wetu, kile kifaa kinacholeta intaneti nyumbani, huenda nayo inagawa namba za 192.168.1, na hapo kompyuta yake inaitafuta ile ya ofisini palepale sebuleni. Inaweza hata kuwa inabisha kwenye televisheni.

Basi aandike anwani ya nje ya ofisi? Bado. Ofisi nzima hutoka kwa anwani moja ya nje, iliyo kwenye ruta. Ni kama mgeni anayefika geti la ghorofa kule Pipeline bila kujua namba ya nyumba: mlinzi hana pa kumpeleka. Ruta hukumbuka mawasiliano yaliyoanzishwa kutoka ndani na kupitisha majibu yake. Yanayoanzia nje bila maelekezo hutupwa, na ndiyo maana intaneti ya ofisi inafanya kazi vizuri upande mmoja tu.

Kuna safu nyingine ambayo mafundi wengi huisahau. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa mashirika ya kanda mwaka 2011, likiwemo AFRINIC linalohudumia Afrika kutoka Morisi. Kwa sababu ya uhaba huo, kampuni nyingi za intaneti na simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje. Kulitambua hili ni rahisi. Fungua ukurasa wa ruta ya ofisi, tazama anwani iliyopewa upande wa intaneti, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kukuambia anwani yako. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani na wengine, na hakuna utakachobadilisha kwenye ruta kitakachosaidia. Itabidi kampuni ikupe anwani ya nje ya peke yako, au utumie njia nyingine.

TeamViewer na AnyDesk, programu za kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, hutumia njia hiyo nyingine. Kompyuta zote mbili hutoka nje zenyewe na kukutana kwenye seva ya katikati, na ruta haina neno kwa sababu safari imeanzia ndani.

Wapo watakaokushauri ufungue lango (port) 3389 kwenye ruta, lango la kawaida la Remote Desktop, ukamalize shida. Mimi nasema usithubutu. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta lango hilo na kubahatisha nywila. Mei 2019 ilitangazwa dosari iliyopewa jina BlueKeep, iliyoruhusu kuingia bila nywila yoyote kwenye Windows za zamani; Microsoft ilitoa marekebisho hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeacha kuihudumia tangu 2014. Tumia VPN, njia ya siri inayokuunganisha na mtandao wa ofisi kupitia intaneti, kisha Remote Desktop ipite ndani yake. Ila kama nyumbani na ofisini namba zote ni za 192.168.1, zitagongana tena hata ndani ya VPN. Afadhali ofisi ihamie, kwa mfano, 192.168.77.

Kabla ya hayo yote, mpigie mwenzako aliye ofisini ajaribu kuingia kwenye kompyuta hiyo. Naye akishindwa, achana na ruta kabisa. Huenda kompyuta imelala, au fayawoli, ule ukuta wa ulinzi wa kompyuta, inazuia kwa kuwa Windows inauchukulia mtandao wa ofisi kama wa hadharani. Ikiwa ni Windows ya toleo la Home, Remote Desktop haiwezi kupokea mtu. Inahitaji Pro au zaidi. Na kama umeme ulipotea usiku, kompyuta nyingi za mezani hubaki zimezima hata ukirudi, mpaka mtu aziwashe au ziwe zimewekwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) zijiwashe zenyewe umeme unaporejea.