Tuna megawati 2,115, mbona umeme unakatika?

Swali hili utalisikia saluni, kwenye daladala, popote luku inapotajwa. Ndani yake mna dhana potofu zaidi ya moja.

Dhana: Bwawa la Julius Nyerere linamwaga megawati 2,115 usiku na mchana.

Ukweli: 2,115 ni mitambo tisa ya megawati 235 ikizunguka yote kwa nguvu zake zote. Ingezunguka hivyo mwaka mzima bila kupumzika, tungepata zaidi ya gigawati-saa 18,500 (gigawati-saa moja ni uniti milioni moja za luku). Mahesabu ya mradi wenyewe ni kama 6,000, yaani theluthi hivi. Hapo hakuna aliyeibiwa. Mto Rufiji, unaolijaza bwawa hili, hauna maji ya kuilisha mitambo yote tisa kila saa ya mwaka. Mitambo imewekwa mingi ili saa moja jioni, nchi nzima inapowasha taa na pasi, pawepo pa kuongezea. Usiku wa manane mingine hupumzishwa, kwa sababu umeme wa gridi hauwekwi ghalani: unazalishwa kadiri unavyotumika.

Dhana: Mtambo usio mbovu lazima utoe kilichoandikwa kwenye kibao chake.

Ukweli: Oktoba 2015 mabwawa ya Tanzania yenye uwezo wa megawati 561 yalishuka hadi kama 105, kisha yakazimwa. Mashine hazikuwa mbovu, maji ndiyo hayakuwepo. Na bwawa likishuka, hasara ni mara mbili: maji yanapungua, na kimo chake juu ya mtambo nacho kinapungua, hivyo kila lita inasukuma kwa nguvu ndogo kuliko jana.

Mitambo ya gesi ina adha yake. Kwa kawaida hupimwa kwa hewa ya nyuzi 15, usawa wa bahari. Nyuzi 15 Dar es Salaam! Hewa ya joto ni nyepesi, mtambo unavuta kidogo, na megawati zinapungua.

Dhana: Jenereta ya kVA 5 ni kilowati 5.

Ukweli: Tazama kibao. kVA ni uwezo wa jumla wa jenereta; cos φ ni sehemu yake inayofanya kazi kweli. Kikiandika cos φ 0.8, zidisha 5 kwa 0.8: ni kilowati 4. Jirani yangu hakuzidisha. Taa, feni na TV vilikaa sawa, akatamba. Friji ilipotaka kuwaka, motor yake ikavuta mara kadhaa ya matumizi yake ya kawaida, jenereta ikakohoa, na sebule nzima ikawa giza.