Unene wa Ukuta Huonekana Penye Tundu: Kurekebisha Ngome ya Matofali ya Kuchezea

Mwaka 2022, LEGO, kampuni ya matofali ya kuchezea, ilipotimiza miaka 90, ilitoa ngome ya zama za kati iitwayo Lion Knights' Castle, yenye vipande 4,514 na wanasesere 22. Wengi wanaotaka kuirekebisha, au kurekebisha ngome nyingine yoyote ya aina hiyo, hunijia na swali la nini cha kuongeza: mnara wa pili, bendera, zizi la farasi au kisima. Mimi huwarudisha kwenye kuta. Ngome ya kuchezea inayoonekana kama sanduku la karatasi lililokatwa meno juu haikosi mapambo; inakosa unene.

Tufanye hesabu. Mwanasesere ana urefu wa milimita 40 hivi. Tukimchukulia kuwa mtu wa mita 1.7, kipimo chetu kinakuwa takriban 1 kwa 42. Tofali la kawaida lina upana wa milimita 8 kwa kila kinundu, yaani kile kiduara cha juu kinachoshika kipande kingine, kwa hiyo ukuta wenye unene wa kinundu kimoja ni sawa na ukuta halisi wa sentimita 34. Huo ni ukuta wa nyumba ya kulala, si wa boma. Ukuta wa mita 2, ambao haukuwa wa ajabu kwa boma la mawe, ungehitaji vinundu sita, na Mnara Mweupe wa London, ambao kuta zake hufikia mita 4.5 hivi kwenye kitako, ungehitaji zaidi ya kumi na viwili. Hata mtu mwenye matofali ya kutosha akijenga hivyo, vyumba vya ndani vingemezwa vyote.

Hakuna haja ya kujenga hivyo, kwa sababu jicho haliupimi ukuta mahali ulipo mzima. Huupima penye tundu: langoni, dirishani na juu kwenye njia ya walinzi. Ukiongeza unene mahali hapo tu, mtazamaji huamini kwamba ukuta wote uko vivyo hivyo.

Lango ndilo la kuanzia, kwa kuwa ndilo linalotazamwa kwanza. Katika seti nyingi tao la lango lina kina cha kinundu kimoja au viwili, kisha unatokea uani papo hapo. Mimi hulirefusha kuwa njia yenye kina cha vinundu sita hadi vinane: tao la mbele, kisha mwanya wa kinundu kimoja wa kupitishia lango la nondo linaloshushwa kutoka juu, kisha tao la pili lililo pana kidogo kuliko la kwanza, na mwishoni milango ya mbao. Dari ya njia hiyo naiachia matundu mawili, kwa maana katika ngome halisi walinzi waliweza kumshambulia kutoka juu adui aliyenaswa kati ya malango, na kumwaga maji ya kuzima moto uliowashwa milangoni. Kuta za pembeni nazifunika kwa vigae laini chini na matofali yenye sura ya mawe juu, kwa kuwa mahali panapopitwa na magurudumu na mabega kila siku hupata ulaini. Njia yote naijenga kama kipande kimoja kinachoshikwa na vinundu vichache tu, ili iweze kuchomolewa na kurekebishwa bila kubomoa mnara.

Madirisha yanahitaji uangalifu zaidi. Tundu la kurushia mishale lilikuwa jembamba nje na pana ndani, ili mpiga mishale aelekeze silaha yake kulia na kushoto huku adui akiona mwanya tu. Ukiacha nafasi ya kinundu kimoja kati ya matofali mawili, mwanya wako wa milimita 8 unakuwa sentimita 34 kwa kipimo chetu, na mtu mwembamba angejipenyeza akaingia. Naupunguza kwa kusogeza sehemu ya ukuta nusu kinundu. Chini ya sehemu hiyo naweka mabamba, yaani vipande vyembamba kuliko tofali, yenye kinundu kimoja katikati, na matofali yanayokaa juu yake yanahama milimita 4. Mwanya mmoja wa milimita 8 unagawanyika kuwa miwili ya milimita 4, mmoja kila upande wa sehemu iliyohamishwa. Juu naweka mabamba ya aina hiyohiyo ili vinundu virudi kwenye mstari wake. Bamba moja lina kimo cha milimita 3.2 na tofali lina milimita 9.6, kwa hiyo baada ya mabamba mawili hayo naongeza la tatu la kawaida, na ukuta wa jirani unapandishwa tofali moja ili vimo vilingane. Sharti ni kwamba matofali yanayohamishwa yawe na urefu wa vinundu viwili au zaidi, la sivyo bamba la juu litakosa pa kushika. Nyuma yake napandisha safu ya pili ya ukuta, yenye uwazi wa vinundu vitatu mbele ya kila mwanya. Sasa mtazamaji wa ndani anaona kijichumba ndani ya ukuta, na mwanasesere mwenye upinde ana mahali pa kusimama.

Juu ya ukuta, meno yawe na maana. Jino la kinundu kimoja halimfichi mtu yeyote. Ukuta wa kujikinga wenye kimo cha matofali mawili, ukiongezewa jino la matofali mawili lenye upana wa vinundu vitatu, unamfunika mwanasesere karibu wote, na njia iliyo nyuma yake iwe na vinundu visivyopungua vitatu ili walinzi wapishane.

Chini, kwenye kitako cha mnara, safu moja ya matofali ya mteremko hutosha. Wajenzi wa kale walitanua kitako hivyo ili kuzuia adui asichimbe chini ya msingi, na ili mawe yaliyodondoshwa kutoka juu yagonge mteremko na kurukia nje kwa washambuliaji.

Kuhusu rangi na sura ya mawe, sina mengi. Mtindo wa kutawanya matofali yenye sura ya mawe kila mahali kwa uwiano uleule hauniridhishi. Ukuta huchakaa penye sababu, kama vile chini ya mfereji wa maji au karibu na ardhi. Anayechanganya matofali ya zamani na mapya akumbuke kwamba LEGO ilibadilisha kijivu chake mwaka 2004, kikaelekea buluu, na vijivu viwili vikikaa sako kwa bako bila mpango hutofautiana vibaya. Wala si lazima ngome iwe ya kijivu. Ile ya kwanza yenye wanasesere 14, ya mwaka 1978, ilikuwa ya manjano, na Mfalme Henry III wa Uingereza aliamuru Mnara Mweupe upakwe chokaa mwaka 1240, hivyo mnara mweupe kwenye meza yako una utetezi wa kihistoria.

Kabla ya kununua kipande chochote, ijenge sehemu unayoikusudia katika Studio, programu ya bure ya kompyuta ya BrickLink, soko la mtandaoni la vipande vya LEGO, kwa sababu itakuonyesha kama kipande unachokitaka kipo kwa rangi hiyo. Hata hivyo usiiamini kwa jambo la bawaba. Ngome zinazofunguka kama kitabu zina nafasi finyu ndani, na kila kinundu cha unene unachoongeza upande mmoja hukutana na kilichoongezwa upande wa pili. Naifunga ngome baada ya kila safu mbili za matofali, nikisikiliza kama kuna kinachogusana, na unene wa karibu na bawaba naupunguza hadi kinundu kimoja hata kama dirisha la hapo litakosa kijichumba chake.